Ratiba ya Kelele za Laini Saba

Walimu wenzangu, mlipokuja kuniaga mlinipa thamosi, shuka zito na maneno matamu kuliko chai yenyewe. Kisha mmoja wenu akauliza mbele ya wote, "Lakini Madam Nyokabi, ile ratiba ulikuwa unaitoa wapi kwa simu?" Nilicheka tu, maana chapati zilikuwa zinapoa, na mimi si mtu wa kuacha chapati ipoe kwa sababu ya maswali. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kawangware, na simu yenyewe iko hapa mezani inachaji. Nitawaeleza. Vyeo sitavitaja, na mshahara wa shule zetu mnaujua wenyewe, hakuna haja ya kuwatia simanzi.

Nilianzia hapa hapa Kawangware, katika shule ya mabati upande wa Gatina. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino, kwa kuwa nilitaka kuonekana mwalimu. Mvua ilikuwa imenyesha, na anayeijua Gatina baada ya mvua hahitaji kusimuliwa. Nilifika darasani na kiatu kimoja mkononi. Watoto wa darasa la tatu wakasimama. Nikawaambia, "Hamjambo, watoto?" Kabla hawajafungua midomo, jibu likatoka upande wa pili wa ukuta: "Hatujambo, mwalimu!" Lilikuwa darasa la nne, lililokuwa bado linamngoja mwalimu wake, na likaona si vizuri salamu ipotee bure. Wangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Hapo nilijua kwamba katika shule ya mabati hufundishi darasa lako peke yako.

Aliyenifunza ratiba alikuwa Mwalimu Shikuku, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Kakamega aliyevaa koti la kahawia jua liwake mvua inyeshe. Ratiba yake ilikuwa ubao wenye misumari, na kwenye misumari alitundika vizibo vya soda. Kila mwalimu alikuwa na rangi yake. Mimi nilipewa rangi ya machungwa, na mwenye hoteli ya jirani aliambiwa asitupe kizibo hata kimoja. Mwalimu Shikuku alikuwa akisimama mbele ya ubao ule kidevu mkononi, akihamisha kizibo kutoka Jumatatu hadi Jumanne, kisha akikirudisha, kisha akiguna.

"Madam," aliniambia siku moja, "ratiba si karatasi ya kubandika ukutani. Ratiba ni kupatanisha watu ambao hawajui wamekosana."

Na kabla ya kupanga chochote alizunguka. Alisimama nyuma ya kila darasa, nje, sikio kwenye mabati, hata wapita njia wakadhani ni mwenye ploti anayetafuta makosa ya wapangaji wake. Alinipeleka naye. Alinifundisha kutambua kwa sikio somo linaloendelea bila kuona ubao: hesabu ina kimya cha kukatika-katika, kusoma kuna mwendo wa pamoja, na sayansi ina maswali mengi na majibu machache. Hakuna chuo kilichonifundisha hivyo, na nimekwenda chuo.

Ubao ule ulikuwa na udhaifu mmoja. Siku moja tulifika asubuhi tukakuta Jumatano yote haipo. Vizibo vilipatikana nyuma ya vyoo, darasa la saba wanachezea drafti. Mwalimu Shikuku hakumchapa mtu. Alikaa chini, akawashinda wote mmoja mmoja, kisha akachukua Jumatano yake akaenda zake.

Aliporudi kwao kupumzika, mimi nilihamia Kibera, shule ya Laini Saba mnayoijua, kuwa naibu. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kawangware, nikavuka Ngong Road, nikapita kwa wauza nguo wa soko la Toi, nikaifuata reli. Madarasa yalikuwa yamepangana mstari mmoja kando ya kichochoro bila kufuata madaraja, nasari ikiwa katikati ya wakubwa, yote yakitenganishwa na bati moja moja. Kwenye kichwa cha mstari kulikuwa na kinu cha kusaga unga. Kwenye mkia kulikuwa na fundi wa vyuma anayetengeneza milango. Garimoshi lilipita mbele yetu. Nikakumbuka ubao wa vizibo nikaona hapa hautatosha, hata kama Nairobi nzima ingekunywa soda.

Ofisini kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba kitambaa hicho, kwa sababu stima ilipokuwepo haikuwaka, na ilipotaka kuwaka stima ilikuwa imepotea. Hivyo nikageukia simu. Ilikuwa simu ya mtumba yenye ufa kwenye kona, lakini ndani yake kulikuwa na lahajedwali, ile programu ya vijisanduku ambayo watu wa maofisini hupigia hesabu zao. Wengi hudhani ile ya simu ni ya kuchezea tu na kazi yenyewe iko kwenye kompyuta. Mimi nawaambia kila kitu kimo. Fomula zimo, kupanga na kuchuja kumo, kupaka rangi kumo. Kinachokosekana ni nafasi ya kidole.

Mwanzo ulikuwa wa vita. Ukigusa kijisanduku, kibodi inainuka na kufunika Alhamisi na Ijumaa. Ukitaka Gredi ya Tano, kidole gumba kinachagua ya Nne. Ukisogeza jedwali kushoto, majina ya vipindi yanakimbia, unabaki hujui uko saa ngapi ya siku gani. Nilijifunza kugandisha safu ya kwanza isitembee, na siku hiyo nilijinunulia samosa mbili. Nilijifunza kulaza simu ubavu. Nilijifunza kukuza jedwali kwa vidole viwili ninapoandika na kulipunguza ninapotazama, kwa maana ukiwa karibu sana huoni wiki, na ukiwa mbali sana huoni mtu. Nendeni mkafanye hivyo hivyo, na msiandike juani, kioo hakionekani, mtaifuta Jumanne bila kujua.

Kisha nikaandika fomula ya kuhesabu jina la mwalimu katika kila kipindi. Likitokea mara mbili katika kipindi kimoja, kijisanduku kinageuka chekundu. Mwalimu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, ingawa wako waliofaulu kutokuwa popote.

Ilikuwa ratiba nzuri, na ningestaafu nikiisifu hivyo hivyo kama si mtoto mmoja.

Akinyi alikuwa katika Gredi ya Tano, darasa langu. Mamake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya reli, na walikaa Soweto West, humo humo Kibera. Alikuwa mtoto safi, mwenye madaftari yaliyofunikwa kwa gazeti, lakini matokeo yake yalikuwa ya kulia. Walimu waliomtangulia walikuwa wameandika maneno yaleyale mwaka baada ya mwaka: hashiki, hana makini, anajibu ovyo. Na kweli alikuwa akijibu ovyo. Siku moja niliuliza kinyume cha neno "panda". Mkono wa Akinyi ukapaa, akasimama karibu na ukuta alipokuwa ameketi, akasema kwa ujasiri wote, "Three quarters!"

Robo tatu! Darasa likafa kwa kicheko. Akinyi akaketi, akatazama dawati. Nami nilitaka kucheka, kusema ukweli, lakini uso wake ulinizuia. Haukuwa uso wa mtoto anayebahatisha. Ulikuwa uso wa mtoto aliyejibu swali na hajui kwa nini amechekwa.

Wakati wa mapumziko nilimwendea Mwalimu Wafula wa Gredi ya Sita, darasa lililo nyuma ya ukuta ule. Wafula ni mtu mwema, lakini sauti yake Mungu alikuwa ameipima kwa ajili ya mikutano ya injili, kisha akampeleka ualimu.

"Wafula, asubuhi ulikuwa unauliza nini?"

"Asubuhi? Desimali, Madam. Niliwauliza point seven five ni fraction gani. Hakuna mtu alijua. Hao watoto watanimaliza."

"Mmoja alijua," nikamwambia. "Lakini si wako."

Nilirudi darasani nikakaa peke yangu. Mtoto wa Gredi ya Tano alikuwa amejibu swali la Gredi ya Sita, na akalipata. Hakuwa mzito hata kidogo. Alikuwa akimsikia mwalimu mmoja tu kati ya wawili, na huyo mmoja hakuwa mimi. Niliona uchungu, kisha niliona furaha, na sijui kama vile viwili vimewahi kunipata pamoja tena.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alisafisha masikio yake, akasema yamekuwa yakitoka usaha tangu utotoni na usikivu ulikuwa umepungua sana. Akaandika dawa, akaandika rufaa ya hospitali kubwa, ambako foleni ya vifaa vya kusikilizia ilikuwa ndefu. "Kwa sasa akae mbele aone mdomo wako," akasema, "na hakikisha mahali anasomea pako kimya."

Kimya! Laini Saba! Nilimshukuru kwa heshima.

Mama Akinyi alipokuja baada ya kuitwa, harufu ya omena ilimtangulia na uchovu ukamfuata. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Madam, nimechoka. Kila mwaka ni huyu mtoto hashiki, huyu mtoto hashiki. Saa hii unaniambia ni masikio. Sasa masikio nitatoa wapi? Shule zikifungwa anaenda kwa nyanya yake Siaya, akae huko kabisa. Kuna kazi ya shamba. Jembe haliulizi mtu kama anasikia."

"Nipe muhula huu tu, Mama Akinyi."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa nitamsindikiza mimi mwenyewe hadi kwa basi."

"Sawa, Madam. Lakini usimdanganye mtoto wangu."

Kumhamisha Akinyi mbele kulisaidia nusu tu. Kuhamisha darasa hakukuwezekana, kwa kuwa vyumba havikulingana ukubwa, na Gredi ya Sita hawangeenea kwingine. Kumnyamazisha Wafula ni jambo ambalo mkewe mwenyewe alikuwa ameliacha mikononi mwa Bwana. Nilichokuwa nacho ni simu.

Nikaivunja ratiba yangu nzuri. Mpaka siku ile safu zilikuwa zimefuatana kwa madaraja, Gredi ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, kama inavyofanywa katika shule zote. Nikazipanga upya zifuate mstari wa mabati, kila darasa likae kwenye jedwali karibu na lile linalokaa nalo kichochoroni. Kwenye kichwa niliongeza safu ya kinu cha unga, na kwenye mkia safu ya fundi wa vyuma. Garimoshi nililipa safu yake pia. Hao watatu ndio wafanyakazi pekee wa shule ile ambao hawakuniomba ruhusa hata siku moja.

Kisha nikaipa kila kazi ya darasani namba ya kelele. Kuandika kimya ni sifuri. Mwalimu kueleza ni moja, Wafula kueleza ni mbili. Kusoma kwa pamoja ni mbili. Nasari wakiimba ni tatu, na wakiimba wakirukaruka sikuwa na namba. Fomula ikajumlisha majirani wa Gredi ya Tano, nasari upande mmoja na Gredi ya Sita upande wa pili, pamoja na kinu, fundi na garimoshi, na ukuta ukizidi kelele, kipindi kinageuka chekundu. Nilipomaliza kuijaza, wiki yote ya Akinyi ilikuwa nyekundu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Hapo nikaona kwa macho yangu kile mtoto alichokuwa akiishi ndani yake miaka yote hiyo.

Kusogeza kulianza. Ukiisogeza hesabu ya Gredi ya Sita, nasari wanakosa uwanja. Ukiwapa nasari uwanja, Gredi ya Nane wanakosa michezo. Hapa simu iliishinda kompyuta yoyote. Nilitembea nayo kichochoroni kama Mwalimu Shikuku, sikio kwenye bati na kidole kwenye kioo. Namba niliyokuwa nimekisia mezani niliisahihisha ukutani palepale. Niligundua kwamba fundi wa vyuma huchomelea asubuhi na hugonga mchana, na kuchomelea hakumsumbui mtu. Niligundua kinu hunyamaza kidogo baada ya wateja wa asubuhi, na nikapeleka usomaji wetu hapo. Chaji iliisha mara ngapi sijui. Kinyozi jirani alinichajia, akinitania kwamba nacheza kamari, "Madam, hii shule unaendesha ama unabet?"

Walimu walinung'unika, na walikuwa na haki. Mwalimu wa nasari alitakiwa kupeleka nyimbo zake nje wakati wa kipindi chetu cha kusoma. Wafula alitakiwa kuwapa watoto wake insha na mazoezi ya kuandika saa ambazo yeye alipenda kueleza. Nilimwita mbele ya simu nikamwonyesha rangi.

"Hii nyekundu yote ni mimi?" akauliza.

"Si yote. Garimoshi limo."

Alicheka, kisha akashusha sauti, jambo la nadra. "Haya, Madam. Insha iwe insha. Lakini hiyo mambo ya sitini na nne desibeli usiniandikie."

Sikuwahi kutaja desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Nadhani aliisoma mahali akawa ameitunza.

Muhula ulikwenda. Sitasema Akinyi alikuwa wa kwanza, kwa sababu hakuwa. Mwanzoni alinyamaza kabisa, na hilo liliniogopesha kuliko yale majibu ya ovyo. Nadhani alikuwa akiupima ule utulivu, kama mtu anayekanyaga sakafu mpya asijue itamshika. Kisha siku moja akajibu swali langu, langu mimi. Kisha la pili. Watoto wakaacha kucheka, na mmoja wao akaanza kunakili kutoka kwake, na kwa mtoto wa shule hakuna cheti kikubwa kuliko hicho. Lakini kusoma kwa sauti alikataa. Kila nilipompa kitabu aliniangalia mdomo, akatikisa kichwa, akamsogezea jirani yake.

Wiki ya kufunga shule ikafika, na Mama Akinyi hakuwa amesema neno. Tulikuwa kwenye kipindi cha kusoma, kinu kimenyamaza, nasari wako uwanjani, Gredi ya Sita wanaandika insha. Nilipoangalia mlangoni nikamwona mama amesimama kichochoroni na begi kubwa la safari, lile la mistari, likiwa halina kitu ndani. Alikuwa amekuja kuchukua vitabu na kikombe cha mtoto kwa safari ya Siaya. Nilitaka kutoka nimsihi, lakini ningesema nini ambacho sikuwa nimesema?

Akinyi alikuwa ameupa mlango mgongo, hakumwona. Kitabu kilikuwa kimefika kwake kwa zamu. Nilingoja akisogeze. Hakukisogeza. Alisimama, akakishika kwa mikono miwili, akaanza.

Nimefundisha maisha yangu yote na sijasikia mtoto akisoma hivyo. Alisoma kwa sauti yake yote. Mtu asiyeisikia vizuri sauti yake hajui imefika wapi, na ya kwake ilifika kila mahali. Ilitoka hadi kichochoroni, ikapita ukutani, na nadhani fundi wa vyuma alishusha nyundo. Maneno yalitoka sahihi, moja moja, na nukta akaziheshimu. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa machozi yananitoka bila aibu.

Mara Wafula akatokea mlangoni, chaki mkononi, akampita yule mama bila kumtambua. "Madam Nyokabi, tafadhali. Huyo mwambie apunguze volume kidogo. Watoto wangu wanaandika insha, na wote wameanza kuandika hadithi yake!"

Mama Akinyi aliweka begi lake chini, akamshika Wafula mkono wa shati, akamgeuza taratibu.

"Mwalimu," akasema, "huyo ni wangu. Hapunguzi."

Kisha akaketi juu ya begi lile tupu, pale pale mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa.